Ndoa Isiyokuwa na Picha

Mtaa mzima ulimwita Somo, nami nikafuata. Katika mji wa Lamu somo ni mwanamke anayemfunda mwari kabla ya harusi. Humsugua kwa unga wa liwa, humchora mikononi kwa rangi nyeusi ya piko, humfukiza udi, kisha mlango ukishafungwa humwambia mambo ambayo mtu mwingine hatamwambia. Yeye alikuwa amewafunda mabinti wa mitaa mitatu, na baadaye mabinti wa mabinti hao. Nilipopanga chumba cha juu nyumbani kwake, mimi mwalimu wa shule ya msingi niliyetoka Kitui na rozari mkobani, nilidhani Somo ndilo jina lake. Ilipita miaka kabla sijajua kwamba ana jina jingine, na hilo nalo nililisoma kwenye karatasi.

Hakupenda kupaza sauti. Akinitaka aligonga dari ya jikoni kwa mpini wa mwiko mara mbili, nami nikashuka. Akigonga mara tatu, maana yake kuna mwanamume asiyemjua mlangoni na mimi niende nikamsikilize. "Weye umesoma na wanaume," aliniambia. "Hawakutishi."

Alikuwa mtu wa kisiwani aliyeogopa bahari. Tukivuka kwenda Mokowe, bara, safari ambayo watu huimaliza bila kukatiza mazungumzo, alinishika mkono mpaka kucha zikaacha alama, macho ameyafumba, midomo ikisoma Ayatul Kursi. Tukifika alirekebisha buibui lake na kuanza kuwakosoa waliopakia mizigo vibaya, kana kwamba yeye ndiye nahodha. Samaki alimjua kwa kumnusa tu. Lakini kumwona baharini anakotoka, hakutaka.

Siri za watu hakuzitoa. Za kwake ndizo hata kuzikaribia hukuweza. Wakati huohuo hapakuwa na mtu mdadisi kama yeye. Alijua mshahara wangu unaingia tarehe ngapi, nani ananiandikia, na kwa nini Jumapili fulani nimerudi kanisani nikiwa na macho mekundu. Alipenda kutazama picha za harusi za watu. Alizishika kwa ncha za vidole na kusogea nazo kwenye mwanga. Yeye mwenyewe hakupigwa picha. Mabinti aliowapamba wana albamu nzima, na katika albamu hizo Somo ni mkono tu, mkono mmoja wenye bangili nyembamba unaoweka kikuba cha asumini kwenye shela ya mwari, halafu ukingo wa picha.

"Nyumba ina mlango ili ufungwe," aliwaambia wari wake. Maneno hayo niliyasikia kupitia sakafu mara nyingi, nikayakariri.

Mume alikuwa naye. Alikuwa mbali, katika nchi ya baridi, mji wenye jina ambalo Somo alilitamka kila siku kwa namna tofauti. Alianza akiwa mpishi wa meli, kisha akapata kazi katika jiko la makao ya wazee huko, akapewa ukaaji. Alikuja kila mwaka wa pili, mwezi mmoja au mmoja na nusu. Watoto hawakujaaliwa. Miaka sita niliyokaa pale nilimwona mara mbili: mtu mrefu, mpole, aliyenisalimia akiwa ameinamisha uso na kupanda ngazi za kwenda paani kwa kunyata ili asinisumbue, ingawa nyumba ilikuwa yake. Jina lake Somo hakulitaja. Alisema "yule bwana", au "mwenyewe", au "mwenye nyumba". Nilipomuuliza mbona hivyo, alinitazama kama niliyeuliza mbona watu huvaa nguo. Wanawake wa rika lake hawamtaji mume kwa jina. Ni heshima, na ni kitu zaidi ya heshima pia, ila hicho hakunieleza.

Siku moja alipanda ngazi mwenyewe mpaka chumbani kwangu. Hakuwahi kupanda. Alisimama akishika fremu ya mlango, anahema.

"Mwalimu, wamemkata mguu."

Mwenzake wa kazini ndiye aliyepiga simu. Ni ugonjwa wa sukari. Kidonda kilianza kidoleni, na sasa mguu wa kushoto ulikuwa umeondolewa chini ya goti. Miezi miwili ilikuwa imepita. Katika miezi hiyo yote alikuwa akimtumia mkewe ujumbe wa sauti kila asubuhi kama kawaida, na mguu hakuutaja.

Somo alimjibu mbele yangu, simu ameishika mbali na mdomo kama kioo. "Mguu huo nimeukanda miaka thalathini na miwili," alisema. "Hukuona uniulize kwanza?" Akaweka simu kitandani pangu, akalia. Halafu akajifuta na kusema, "Nataka kwenda kwake."

"Kumtembelea?"

"Kwenda kwake," alirudia.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kumjazia fomu. Zilikuwa kurasa nyingi, na karibu zote zilizunguka jambo moja. Nilimfasiria: "Wanataka uthibitishe kwamba ndoa yenu ni ya kweli."

Somo alikuwa akichambua mchele. Mkono ukasimama. "Kwani kuna ndoa ya urongo?"

Mimi nilikuwa na albamu mbili za harusi, zenye jalada la ngozi. Kila wiki niliweka mtandaoni picha yetu, mkono wa mume wangu begani mwangu, na watu wakaandika pongezi. Alipohamia kwa mwanamke mwingine Nakuru, picha zilibaki mahali pake, tunacheka. Ofisi yoyote ya uhamiaji ingetupitisha kwa siku moja.

"Zipo," nilimwambia.

Fomu iliomba picha za mume na mke kwa miaka mbalimbali. Hatukuwa nazo. Iliomba barua, naye hakujua kuandika kwa herufi za Kizungu. Barua za zamani alizoandikiwa na mumewe kwa herufi za Kiarabu zilikuwa zimeliwa na mchwa. Iliomba majina ya watoto. Iliomba ushahidi kwamba wameishi pamoja. Tulipeleka cheti cha ndoa kutoka kwa kadhi na nakala za pasipoti ya mume zenye mihuri ya kuingia na kutoka, basi. Siku ya mahojiano kule Nairobi, shuleni kwangu kulikuwa na mitihani, akaenda na binti wa jirani.

Majibu yalikuja kwa barua pepe baada ya wiki saba. Niliisoma mara mbili kabla sijashuka. Ombi limekataliwa. Afisa hakuridhika kwamba uhusiano ni wa kweli na unaendelea. Miongoni mwa sababu: mwombaji alipoulizwa jina la mumewe alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Limeandikwa hapo."

Nilimkuta uani akikung'uta jivu la chetezo chake cha udi kwenye sinia. Nikamwambia.

"Wasema miye si mke wake?"

"Wanasema hawajaridhika."

"Miaka thalathini na miwili," alisema polepole. "Miye nimeridhika. Yeye ameridhika. Huyo asiyeridhika ni nani?"

Mumewe alipoambiwa alituma ujumbe mfupi. Nilikuwapo ulipofika. "Basi wata," alisema, yaani tuache, sauti ikiwa chini. "Mngu hakutaka."

Siku kumi hatukulizungumza jambo hilo. Siku ya kumi na moja niligongewa dari mara mbili. Somo alikuwa amevaa miwani, faili liko mapajani. "Mngu asisingiziwe kazi ya karani," alisema. "Kaa kitako. Tuanze."

Nilimweleza kwamba safari hii itabidi tuwaonyeshe ndani. Hakuna njia nyingine. Alivua bangili, akaivaa tena. Mwishowe akanisukumia simu yake. Jumbe za sauti zote zilikuwamo, za miaka minne, asubuhi baada ya asubuhi, hakufuta hata moja.

"Sikiza," alisema. "Lakini usinitazame."

Akanipa mgongo, akaanza kutunga asumini. Nikasikiliza siku tatu, saa za baada ya shule, nikichagua, nikiandika, nikifasiri Kiamu chao, yeo kwa leo, mayi kwa maji. Nilitarajia maneno ya mapenzi, nikajiandaa kuona haya. Hayakuwamo. Kulikuwa na mchele.

"Yeo nimepika mtele umekuwa uji," alisema mume. "Uliniambia mayi vikombe vingapi?"

"Viwili. Na usifunue funue."

"Nimefunua."

"Najua umefunua."

Kulikuwa na bomba linalovuja, na soksi, na mtu wa makao ya wazee aliyefariki ambaye mume alimpenda kwa sababu alikuwa akila chochote bila kulalamika. Kulikuwa na ugomvi uliochukua siku tisa juu ya kama jirani fulani aliyekufa zamani alikuwa na punda mmoja au wawili. Na kulikuwa na ujumbe mmoja wa nusu dakika usio na kitu. Nilidhani simu imeharibika. Mwishoni kabisa sauti ya mume ikasema, "Hiyo ni theluji yaanguka. Umesikia? Haina sauti."

Jibu la Somo lilikuwa neno moja. "Nimesikia."

Niligeuka kumtazama, ingawa alinikataza. Masikio yake yalikuwa yamewiva.

"Hiyo yaandikwaje kwa Kizungu?" aliuliza bila kugeuka.

"Kama ilivyo," nilisema.

Sehemu iliyomtesa zaidi ilikuwa swali la mlionana lini na wapi kwa mara ya kwanza. Alilikwepa wiki nzima. Siku aliyokubali aliniambia nifunge kwanza mlango wa mbele, ingawa tulikuwa peke yetu. Alikuwa msichana, alisema, na nyumba yao ilikuwa ikitiwa chokaa. Kijana mmoja mfanyakazi wa mashua za Ras Kitau aliletwa kubeba magunia ya chokaa. Punda wake akagoma katikati ya uchochoro, mbele ya mlango wao. Wengine wangempiga. Huyu akamwinamia sikioni, akamwambia, "Tafadhali, bibi. Watu watungoja. Nitaaibika."

"Miye nalikuwa nyuma ya mlango," Somo alisema. "Nikateka."

"Ukacheka kwa sauti?"

"Kwa sauti. Naye akasikia. Akauambia mlango, 'Na weye nisaidie kumbembeleza.' Wiki ya pili akaya shangazi yake kuposa."

"Kwa hiyo hamkuonana."

"Hata kidogo. Kulikuwa na mlango."

Nikaandika hivyohivyo: tulikutana mlango ukiwa kati yetu, na hakuna aliyemwona mwenziwe.

Baada ya hapo habari zikaenea, kwa sababu nilihitaji mashahidi, na katika Lamu ukimwambia mmoja umewaambia watu wa kijiji cha Shela pia. Wakaja wanawake aliowafunda. Walikaa dakani, kwenye yale mabenchi ya mawe mbele ya nyumba, wengine na wajukuu, kila mmoja anangoja zamu yake ya kunisimulia niandike. Mmoja alikuwa mwanasheria, aliandika mwenyewe na kugonga muhuri. Mama wa mmoja wao, mzee aliyekuja kwa fimbo, aliniambia: "Andika kwamba mumewe akiya, huyu mwanamke hatoki dirishani wala hapokei wari mwezi mzima. Mtoto wangu alichelewa kuolewa kwa ajili yake. Nalikasirika. Andika na hilo." Nikaliandika na hilo.

Picha ya pasipoti, ambayo safari ya kwanza hatukuombwa, ilikuwa vita nyingine. Studio alikuwapo mwanamume, kwa hiyo nikaazima kamera yake nami nikampiga Somo picha, uso wazi, ukuta mweupe. Nilipomwambia kwamba sharti ni asitabasamu, alishusha pumzi. "Afadhali," alisema. "Hata miye sikuwa na nia."

Lakini tulipoipata aliitazama muda mrefu, akaisogeza kwenye mwanga kama alivyofanya na za watu. "Hivi ndivyo nilivyo?"

"Ndivyo."

"Si mbaya," alisema, akaitia katika bahasha.

Mahojiano ya pili nilimsindikiza. Basi lilitufikisha Nairobi miguu imevimba. Sikuruhusiwa kuingia, nilikaa ukumbini chini ya runinga isiyo na sauti nikishika rozari ndani ya mfuko wa koti. Alikaa ndani saa moja na dakika kumi. Alipotoka alitembea vizuri mpaka kwenye kiti, akaketi, akaomba maji. Akayamaliza. Ndipo akaanza kunisimulia.

Afisa alikuwa mama mtu mzima. Mkalimani alikuwa kwenye simu, Mtanzania kwa lafudhi yake. Aliulizwa mambo ya punda, ya mchele. Waliuliza mume akikasirika hufanya nini.

"Nikawaambia huosha vyombo. Hata visafi."

"Halafu?"

"Yule mama akateka. Akasema wa kwake pia." Alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya mtandio. "Halafu akaniuliza jina."

Nikasogeza kiti changu karibu naye.

"Nimelitaya," alisema. "Lake, na la babake, na la babu yake. Nalianza, nikaona nisiishie njiani." Macho yalimjaa. "Mwalimu, ni jina zuri. Sikujua. Sijapata kulisikia kwa kinywa changu."

Tulikaa hapo mpaka mlinzi akatuambia kwa upole kwamba viti vinahitajika.

Ruhusa ilitoka mwezi uliofuata. Siku ya kuondoka, kuvuka kwenda uwanja wa ndege wa Manda kulimwogofya kuliko ndege yenyewe. Aliuliza kama ndege hiyo haiwezi kuja kumchukua upande huu. Aliniachia ufunguo wa jiko na maagizo ya asumini. Nilimwona akipanda ngazi za ndege, mdogo ndani ya koti nililomnunulia mtumba, bila kugeuka nyuma.

Mwanzo tulizungumza kila juma. Baadaye nilihamishiwa shule moja ya Mpeketoni, bara, nikahama nyumba, na mazungumzo yakapungua kama yanavyopungua. Nilijua alikuwa akimpeleka mumewe mazoezi. Nilijua anaogopa ngazi zinazojiendesha. Nilijiambia kwamba huko ndiko atakakozeeka.

Kwa hiyo sikuamini, mwaka mmoja na miezi kadhaa baadaye, mwanafunzi wangu wa zamani aliponiambia kwamba amemwona Somo Kipungani.

Jumamosi nilikwenda. Kipungani ni kijiji kidogo upande wa kusini wa kisiwa, watu wanavua na kusuka mikeka. Niliwakuta nje ya nyumba ya chini isiyo na ghorofa, uani pamefagiliwa. Yeye alikuwa amechuchumaa akiroweka maharage kwa magadi, na mumewe ameketi kwenye kiti cha kamba, mguu wa bandia umeegemezwa ukutani, mapajani ana ukili wa mkeka. Wanawake wawili wa jirani walikuwa wakimfundisha kusuka na kumcheka. Mkeka wake ulikuwa umepinda kama ndizi.

Somo aliponiona hakusimama. Alinyoosha mikono yote miwili, yenye maji, nikaanguka humo.

"Lakini karatasi uliipata," nilisema tulipokwisha kulia. "Tuliihangaikia. Mbona mmerudi?"

"Mwalimu, weye ulidhani nakwenda kukaa?" Alishangaa kweli. "Nalikwenda kumtwaa. Alikuwa na haya ya kurudi na mguu mmoja. Kwa simu angesema naam, naam, na asingeondoka. Mtu wa hivyo wenda ukamshika mkono."

"Ilimchukua mwaka mzima kunishika," mume alisema, macho kwenye ukili.

"Alikuwa na mambo. Mara daktari, mara barafu, mara wazee wake wa makao watakula nini." Akamgeukia. "Wanakula nini sasa?"

"Viazi," alisema mume kwa huzuni, na sote tukacheka.

Nyumba ya mjini walikuwa wameipangisha. Ngazi zake hazikumfaa. Hapa ardhi ilikuwa tambarare na mchanga ulikuwa laini, na akitaka kuswali msikitini vijana wa kijiji humpitia. Nilikula nao mchana: wali, samaki wa nazi, maembe mabichi yenye pilipili. Wali alipika mume. Ulichambuka punje kwa punje, na Somo alinitazama nikiula, asiseme neno, amejaa fahari.

Alinisindikiza mpaka pwani, kwenye mashua ya kunirudisha, akasimama mbali na maji kwa tahadhari. Tulizungumza habari za Mpeketoni, vumbi lake, chumba changu kipya, walimu wenzangu. Alisikiliza huku ananichunguza kwa ule udadisi wake.

"Na huko," aliuliza, "ukirudi kazini, nani akuulizaye umekulani?"

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema kwamba nina marafiki wengi, kwamba kuna kikundi cha akina mama cha kanisani, kwamba sina muda hata wa kupika. Nahodha aliniita. Nilisema, "Hakuna, Somo," nikavua viatu nikaingia majini.

Jumatatu, saa saba za mchana, nilikuwa katika chumba cha walimu nikisahihisha hesabu za darasa la tano. Simu ikalia.

"Mwalimu," alisema. Nyuma yake nilimsikia mume akiuliza ni nani. "Umekulani yeo?"

Kalamu nyekundu ilikuwa bado mkononi. Nilimwambia ni chai na mkate.

"Hicho si chakula," alisema Somo. "Kesho nitauliza tena."